Safari Mia Moja Ishirini na Moja

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, Shangazi alikwisha kujua jibu atakaloandika Ijumaa.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na minne, na wenzake wote walikuwa chini ya thelathini. Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Siku zikaenda, likawa ndilo jina. Hata mumewe nyumbani alikuwa amelidaka, akilitumia kila alipotaka kumchokoza. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo: meza sita, feni moja iliyozunguka huku ikilalamika, na dirisha lililofungwa kwa msumari tangu siku upepo ulipopeperusha mkataba wa mteja hadi barabarani.

"Mradi wa kliniki ni wako," Bosi alimwambia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuzungumza huku akisoma kitu kingine kwenye simu. "Kamati ya hospitali inataka tuwaandikie tutatumia maktaba gani, na kwa nini. Ukurasa mmoja. Ijumaa saa sita uwe mezani kwangu."

"Mzee," alisema Shangazi.

"Najua ni Mzee. Ndiyo maana niliwaahidi miezi minne. Wewe pamba maneno tu, mimi nisaini."

Maktaba waliyoizungumzia haikuwa ya vitabu. Programu inayotunza kumbukumbu inahitaji mkalimani: yenyewe ina lugha yake, hifadhidata ina lugha yake, na katikati waandishi wa programu huweka kifurushi cha msimbo kilichoandikwa na watu wengine, kifasiri huku na huku. Kifurushi hicho ndicho maktaba. Ukishachagua, umechagua, utaishi nacho miaka kumi, na kukiondoa ni sawa na kubomoa msingi huku watu wamelala ndani. Pale ofisini walikuwa na wakalimani wawili vinywani. Mmoja walimtumia tangu kampuni ianze, wakimwita Mzee. Wa pili alikuwa ametokea miaka michache iliyopita, wakimwita Mgeni. Shangazi alimjua Mzee kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Mgeni alimjua kwa sura tu.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao," Bosi aliendelea, bila kuinua macho. "Ukiongoza huu mradi, nakuandikia miaka miwili. Tena ukitaka kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa ajili ya mgonjwa wako, sina neno. Mzee unammudu hata ukiwa usingizini."

Kwenye meza ya pembeni, binti waliyemwita Miwani alikohoa. Alikuwa ameajiriwa mwaka uliopita, na alikuwa na tabia ya kusema jambo lake kwa sauti ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Lakini mwenye Mzee ameacha," alisema.

"Ameacha nini?"

"Kuitunza maktaba. Alikuwa mtu mmoja tu. Ametoa tangazo wiki tatu zilizopita."

Bosi alimtazama Shangazi. Shangazi alikwisha kulisoma tangazo lile, tena mara mbili. Lilikuwa fupi: mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alisema ameitunza kazi ile peke yake miaka kumi na mmoja, amechoka, anawashukuru wote. Shangazi alipolisoma hakuingiwa na hofu. Alimwonea wivu.

"Haitakufa kesho," alisema. "Ipo, inafanya kazi."

"Basi," Bosi alisema, na mambo yakawa yameisha.

*

Nyumbani alifika saa moja jioni. Dereva, mumewe, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie. Aliendesha malori miaka ishirini na miwili. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za kiatu, upande mzima wa mwili ukamgomea. Sasa ulimi ulikuwa umerudi kiasi, ila maneno yalitoka moja moja, na kila moja alilipima kwanza.

"Shangazi," alimwita. "Umechelewa... kama mshahara."

Shangazi alicheka, akamgusa bega, akapita jikoni. Huko alimkuta wifi yake, mdogo wa Dereva, akikunja mashuka. Wifi huyu alikuwa fundi cherehani. Kaka yake alipougua, aliacha mashine yake kwa rafiki, akaja na begi moja. Yeye ndiye aliyemwogesha, kumlisha, kumnyoosha viungo na kumpeleka kliniki kila mwezi. Shangazi alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni. Mengine aliyakuta yamekwisha kufanyika.

"Wifi, kaa kidogo," yule alisema.

Shangazi hakupenda sauti ile. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nimepata kazi. Ni karakana inayoshona sare. Wananitaka Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Nisipokwenda, wanampa mwingine."

Shangazi alitazama mashuka. Yalikuwa yamekunjwa vizuri kuliko alivyowahi kuyakunja yeye. "Ungeniambia mapema, wifi."

"Nilikuja nikasema miezi miwili. Huu ni wa nane."

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu," alisema wifi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Sikulaumu. Wewe ndiye unayeleta chakula humu ndani. Lakini na mimi nina miaka thelathini na sita, na mashine yangu inatiwa mafuta na mtu mwingine."

Shangazi alitaka kuuliza nani sasa atamwogesha, akalimeza swali, maana jibu lilikuwa limekaa juu ya ndoo. Akauliza lingine, na lile likamtoka kwa aibu: "Hivi unamwinuaje pale kitandani? Sijawahi kukuangalia vizuri."

Wifi aliacha shuka. "Unasimama upande wake wa kulia, huo mbovu. Unamkumbatia kiunoni. Ule mkono usiuvute hata siku moja, bega linachomoka. Halafu unamwambia moja, mbili, na yeye anasema tatu. Asiposema tatu, usimwinue."

"Kwa nini aseme yeye?"

"Ukimwinua bila yeye kusema, siku nzima hazungumzi na mtu."

Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. "Nasikia... yote," Dereva alisema kutoka upande wa pili, na wanawake wote wawili wakatazamana kama watoto waliokamatwa.

Alipokuwa akipasha chakula, Shangazi alipanga mambo kichwani. Akiongoza mradi kwa Mzee, siku mbili atakuwa nyumbani, na siku nyingine tatu atatoka kazini mapema. Mama mmoja mstaafu wa mlango wa pili anaweza kuombwa achungulie mchana. Ilikuwa inawezekana, japo kwa kubana. Kwa Mgeni haikuwezekana kabisa. Mgeni angehitaji kujifunza upya, jioni na mwisho wa wiki, na jioni zake zote zilikuwa zimekwisha kupata mwenyewe.

*

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Wifi alikuwa amekwenda karakana kupimwa kazi, hivyo Shangazi aliomba ruhusa, akakodi teksi, akampeleka mumewe mwenyewe. Lilikuwa jengo refu la ghorofa moja, na kwenye ukumbi wake kulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Watu kama sitini walikuwa wamewatangulia. Mbele palikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo, na nyuma yake karani kijana mwenye sweta, na nyuma ya karani makabati ya majalada hadi darini.

Walikaa. Shangazi hakuwa na la kufanya, akawa anamtazama karani. Karani alichukua kadi moja kutoka kwenye rundo, akaenda kwenye makabati, akapotea, akarudi na jalada. Akaliweka. Kisha akaenda upande wa pili, kwenye sanduku la kadi za dawa, akatafuta kadi ya mgonjwa yule yule, akarudi nayo, akaibana ndani ya jalada. Ndipo akachukua kadi ya pili kutoka kwenye rundo, akaanza safari upya. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja. Shangazi alihesabu bila kukusudia. Alipofika safari ya arobaini, ilikuwa imekwisha kupita saa nzima.

Zamu yao ilipofika, karani alikwenda, akarudi mikono mitupu, akaenda tena.

"Jalada halionekani," alisema kupitia tundu. Akamtupia jicho Dereva, kisha akamgeukia Shangazi. "Huyu anasikia?"

"Nasikia," alisema Dereva. "Wewe... je?"

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Karani aliona haya, akashusha sauti. "Samahani, baba. Mwenzangu anayeujua mpangilio wa makabati yuko likizo. Yeye kila kitu amekiweka kichwani. Tangu aondoke mimi natafuta moja moja. Nikibeba kumi kwa pamoja nachanganya. Naomba tumwandike kama mgonjwa mpya, aonwe leo. Aliugua lini?"

Hilo Shangazi alilijibu.

"Anatumia dawa gani za presha? Kipimo gani?"

Hilo hakuweza. "Zile... anayemletaga ni wifi yangu."

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Karani aliandika, lakini aliandika polepole, na Shangazi aliona mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akisogea ili amwone usoni.

"Nusu kidonge," Dereva alisema. "Cheupe. Walipunguza. Nilianguka."

Daktari alikuwa mpole, ila hakuwa na la kushika. Alisema bila jalada hawezi kujua kilipunguzwa kipi, mwezi gani, kwa sababu gani. Akawapa dawa za wiki moja na kuwaambia warudi jalada litakapopatikana. Wakati Dereva akivishwa shati, simu ya Shangazi iliita. Alikuwa Bosi.

"Uko wapi? Ukurasa wa matokeo wa ile shule tuliyoitengenezea mfumo umeganda tangu asubuhi. Mwalimu mkuu ananipigia kila dakika tano. Wote hapa wanahangaika, hakuna anayejua uliufanyaje."

"Niko kliniki. Nilikuomba ruhusa."

"Najua. Waelekeze basi kwa simu."

Alisimama ukumbini, kidole kimoja sikioni, akajaribu. Mwambie Miwani afungue faili la wanafunzi. Kuna mahali niliongeza mistari miwili. Si hapo, chini zaidi. Au ni kwenye faili la madarasa. Sikumbuki, mpaka nione. Alisema "mpaka nione" mara tatu. Dereva alikuwa ameegemea ukuta, akimtazama, mkono mzima umekamata nguzo.

Jioni, wifi aliposikia habari za dawa, aliinuka, akatoa daftari la shule chini ya begi lake. Ndani kulikuwa na kila tarehe, kila kidonge, kila neno la daktari, kwa mwandiko wa herufi kubwa kubwa.

"Ungeniuliza tu," alisema, akampa.

Shangazi alilichukua kwa mikono miwili.

*

Alhamisi alimkuta Miwani amekwisha kufika, macho mekundu nyuma ya vioo.

"Nimeipata," alisema binti. "Imenichukua saa nne nzima. Kuna mtu alibadilisha ukurasa, akafuta mistari yako miwili, akidhani ni takataka."

"Pole. Ningeiandikia maelezo."

"Ulikuwa na haraka," Miwani alisema. Ulikuwa utetezi, lakini ulimchoma.

Kazi ya siku ile ilikuwa jaribio. Kamati ilitaka kuona namba, hata kama Bosi alitaka maneno ya kupamba. Shangazi alitengeneza kliniki ya kubuni: wagonjwa sitini wa siku moja, kila mmoja na hudhurio lake la mwisho na dawa zake. Kisha akaandika ukurasa ambao karani angeufungua asubuhi, orodha ya watu sitini, mara moja kwa Mzee na mara moja kwa Mgeni. Kwa Mgeni alimwita Miwani amsaidie, na binti alivuta kiti, akamwonyesha taratibu, bila kumdharau. Hilo nalo lilichosha, kuelekezwa na mtu ambaye angeweza kuwa binti yake.

Wakawasha kipimo cha kuhesabu mara ngapi programu inakwenda kwenye hifadhidata na kurudi. Mzee alikwenda mara moja kuleta majina sitini. Kisha kwa kila jina akarudi tena kuuliza hudhurio, na kwa kila jina akarudi tena kuuliza dawa. Skrini ilijaa mistari, ikashuka, ikashuka.

"Mia moja ishirini na moja," Miwani alisoma.

Kwenye kompyuta ya mezani haikuwa kitu. Lakini seva ya hospitali, kompyuta inayohifadhi kumbukumbu zote, ilikuwa kwenye jengo jingine, na waya wao ulikuwa mbovu. Waliupima mwezi uliopita, na kila safari ilichukua sehemu ya tano ya sekunde. Shangazi alipiga hesabu. Sekunde ishirini na nne, kila mara karani anapobonyeza. Alimwona yule kijana mwenye sweta, viatu vilivyolika upande mmoja.

Mgeni alikwenda safari tatu. Alizileta kumbukumbu za wote kwa mkupuo. Na Shangazi alipojaribu makusudi kusahau kumwambia alete dawa, Mgeni hakurudi kimyakimya kuzitafuta moja moja. Alikataa pale pale, akaandika kwa rangi nyekundu kwamba hakuagizwa dawa.

"Mkali," alisema Shangazi.

"Mkali," Miwani alikubali. "Kwanza nilimchukia."

Shangazi alirudi kwa Mzee, akaongeza mistari yake miwili, ile ya kumwagiza alete vyote kwa mkupuo. Alifanya hivyo bila kufikiri, vidole vyenyewe vilijua. Akapima tena. Safari tatu. Sawa sawa na Mgeni.

Walikaa wakitazama namba ile. Hapo palikuwa na ukurasa wake wa Ijumaa, umeiva. Mzee, safari tatu, Mgeni, safari tatu, Mzee tunamjua, miezi minne. Hapangekuwa na neno moja la uongo.

"Huo ni ukurasa mmoja," Miwani alisema kwa sauti yake ndogo. "Mfumo mzima una kurasa sabini. Nani atakumbuka kuiweka hiyo mistari kote?"

"Mimi."

"Na ukiwa kliniki?"

Hakuwa amekusudia kuumiza. Aliona uso wa Shangazi, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, akaifuta muda mrefu.

"Kanunue chai," Shangazi alimwambia. "Na mimi niletee."

*

Ijumaa saa nne asubuhi ukurasa ulikuwa umejaa nusu. Shangazi aliandika aya juu ya safari mia moja ishirini na moja, akaifuta. Akaandika safari tatu, akaacha. Akakaa. Aliwaza kuhusu siku mbili za nyumbani, na miaka miwili ya mkataba. Aliwaza kwamba hakuna ambaye angejua, na kwamba Miwani asingesema, maana Miwani alikuwa mtoto wa watu. Alikuwa amechoka mno kiasi cha kutojua kama anachokitafuta ni haki au ni usingizi.

Kilichomrudia hakikuwa mumewe wala dawa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ukumbini, kidole sikioni: mpaka nione, mpaka nione, mpaka nione.

Akairudisha aya. Akaongeza ya pili: kwamba Mzee anaweza kufanya vizuri ikiwa tu kila mwandishi atakumbuka, kila mahali, kila siku, kwamba kwa sasa kampuni ina mtu mmoja anayekumbuka, na kwamba aliyeitunza maktaba hiyo ameacha. Akaandika chini: napendekeza maktaba ya pili, yaani Mgeni. Akachapa, akaenda nao kabla mkono haujabadili mawazo.

Bosi alisoma, kisha akarudia. Kwa mara ya kwanza simu ilikuwa imelala kifudifudi.

"Hii aya ya kati," alisema, "ungeweza kutoiandika."

"Ningeweza."

"Mgeni unamjua?"

"Simjui."

"Kwa hiyo miezi minne inakuwa mitano. Nikapige magoti kwa kamati niombe mwezi." Alisugua macho. Hakuwa na hasira; nayo hasira inahitaji nguvu. "Na mradi hauwezi kuongozwa na mtu anayejifunza. Atauongoza yule binti. Unaelewa hilo?"

"Naelewa."

"Mkataba wako nitaandika miezi sita. Tuone. Na hizo siku mbili za nyumbani, sijui. Utakuwa unafundishwa, utafundishwaje ukiwa nyumbani? Umejikaanga mwenyewe, Shangazi."

"Ndiyo."

Bosi akachukua kalamu, akasaini chini ya jina lake, akaupeleka ukurasa kwenye trei ya barua kama mtu anayeondoa sahani mezani.

Nje, Miwani alikuwa amesimama karibu na feni, hajui akae wapi. "Sijui nikuiteje sasa," alisema.

"Shangazi ni yule yule."

"Anayepanga saa za kazi za mradi ni mimi, amesema Bosi." Alitazama sakafu. "Njoo saa tatu. Siyo saa moja na nusu. Saa tatu inatosha."

Shangazi aliitikia kwa kichwa na kwenda kukaa. Alikuwa ameupoteza mradi mbele ya ofisi nzima, na aliyemhurumia alikuwa ndiye aliyeupata. Hilo nalo lilikuwa la kumezwa, akalimeza.

*

Jumamosi jioni alimweleza mumewe yote, moja baada ya lingine, huku akimkata kucha. Dereva alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "umeshushwa cheo."

"Nimeshushwa."

"Kwa kusema kweli."

"Usinipambe. Nilikaribia kutosema."

Alifikiri, au pengine alitafuta maneno tu. Kwake sasa mambo hayo mawili yalifanana. "Na mimi," alisema, "ile kliniki... nilikaribia kulia."

Jumapili wifi aliondoka. Hakukuwa na maneno mengi mlangoni. Aliangalia jinsi Shangazi anavyomwinua kaka yake, mara tatu, akamsahihisha mguu wa kushoto ulipokaa vibaya. Akaacha daftari juu ya meza. Alipofika ngazini aligeuka, akasema, "Wifi, ukishindwa unipigie. Usijifanye." Kisha begi lake likagonga kila ngazi mpaka chini.

Jumatatu, Shangazi aliamka kabla ya jua. Moja, mbili, akangoja, Dereva akasema tatu. Alimwogesha vibaya, maji yakaingia sikioni, akamwomba radhi, naye akasema maji ni maji tu. Ilipofika saa moja na nusu alikuwa amelowa toka kifuani hadi magotini na kiuno kinamwuma. Alichukua shati safi la mumewe, akaanza kumvisha, na alipofika kwenye vifungo mkono mzima wa Dereva ukamzuia.

"Niachie."

"Nitachelewa."

"Umesema... saa tatu."

Akamwachia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Dereva aliinamisha kichwa, akakishika kifungo cha kwanza kwa vidole vya kushoto, vidole vilivyofanya kazi ya usukani miaka ishirini na miwili na havijawahi kufunga kifungo, akakitafutia tundu. Kiliteleza. Akakishika tena. Shangazi aliona kwamba akiendelea kutazama atamnyang'anya, kwa hiyo akatoa simu, akafungua masomo ya Mgeni, ambayo Miwani alikuwa amemtumia usiku.

"Unasoma nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Somo la kwanza."

"Yako... mangapi?"

"Thelathini na mawili."

Kifungo kilipita. Akakipapasa kuhakikisha, akahamia cha pili. "Mimi vifungo... saba."

"Basi utamaliza kabla yangu."

Nje, watu walikuwa wakishuka ngazi kwenda makazini, viatu vya haraka, milango ikifungwa. Mama wa mlango wa pili alibisha, akachungulia, akaona, akasema atarudi saa nne. Kulikuwa na mwanga sasa. Shangazi alisoma aya ya kwanza, hakuielewa, akaenda ya pili akitumaini itaieleza ya kwanza. Haikuieleza. Kifungo cha nne kilichukua muda. Cha tano kikapita mara moja, wote wawili wakashangaa.

Alipomaliza, Dereva alinyanyua kidevu ili akaguliwe. Upande mmoja wa pindo la shati ulikuwa umepanda kuliko mwenzake. Saa ilikuwa mbili kasoro robo. Shangazi alifikiria kukaa kimya, kumpa fimbo yake, na kuondoka.

"Umeruka kimoja," alisema. "Cha pili."

Dereva alitazama vifungo. Akaanza kuvifungua, kimoja kimoja, kuanzia chini.

Shangazi naye akarudi juu ya ukurasa, akaanza kusoma upya.